Soko, shamba la wanachama, ghala la pamoja au baraza: jamii ianze na lipi ikitaka kujilisha kutoka mkoani kwake?

Watu wakishakubaliana kwamba chakula chao kitoke zaidi kwa wakulima wa mkoa wao, ubishi huanza palepale. Mmoja anataka soko la kila Jumamosi. Mwingine amesikia habari za mashamba ambayo walaji hulipia kabla mbegu hazijapandwa. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mkulima kati yao, anauliza gari la kubebea mazao litatoka wapi. Wa nne anasema yote hayo ni kazi bure kama serikali ya mji haijaingia. Wote wanne wana hoja. Tatizo ni kwamba pesa na watu wa kujitolea waliopo hutosha kuanza jambo moja tu, labda mawili kwa kujibana.

Hapa nalinganisha njia hizo nne. Nimeliacha kando duka la ushirika wa walaji, la aina iliyoanzishwa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, kwa sababu moja tu: duka linaweza kumilikiwa na wanachama wote na bado rafu zake zikajaa shehena za kutoka mbali. Ni jambo jema, lakini linajibu swali jingine.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa mambo matano: inavyofanya kazi, mtaji na kazi inayodai, hasara inamwangukia nani, chakula kinamfikia nani, na inamfaa nani.

Kigezo cha tatu ndicho ninachokipa uzito zaidi, na nitakirudia mpaka msomaji achoke. Hasara haikosekani kwenye chakula. Mvua inaweza kugoma, gari likaharibika njiani, mnunuzi akaghairi jioni ya siku ya kupeleka. Katika biashara ya kawaida hasara hizo humwangukia mkulima, kwa kuwa yeye ndiye asiyeweza kusubiri. Mzigo wake unaoza huku wenzake wakijadiliana. Njia hizi nne zinatofautiana zaidi hapo kuliko penginepo popote, na kundi lisilokubaliana mapema nani atabeba nini litakuja kukubaliana kwa ugomvi.

Soko la wakulima

Inavyofanya kazi. Wazalishaji hukutana na walaji mahali pamoja, siku inayojulikana, kila mtu na meza yake. Kinacholitofautisha na gulio la kawaida ni sharti moja: anayeuza ndiye aliyezalisha. Greenmarket ya New York, iliyoanza mwaka 1976, imelishikilia sharti hilo, na wakaguzi huenda mashambani kuona kama kinacholetwa mezani kweli kinaota huko. Mkililegeza, mchuuzi aliyenunua kwa jumla alfajiri atauza kwa bei ambayo mkulima hawezi kuifikia, na haichukui misimu mingi kabla meza zote hazijawa za wachuuzi.

Mtaji na kazi. Kwa waandaaji, mtaji ni mdogo: eneo, kibali, meza, vivuli, maji, vyoo, na msimamizi mmoja asiyeogopa kumwambia mtu afunge mzigo wake aondoke. Gharama kubwa iko upande wa mkulima na haionekani kwenye bajeti ya mtu. Siku ya soko si siku ya shamba, na jioni ya kuamkia soko ni ya kuvuna, kuosha na kupakia.

Hasara inamwangukia nani. Mkulima, karibu yote. Mvua ikinyesha saa mbili asubuhi wateja hubaki nyumbani, naye hurudi na mzigo uleule, umechoka zaidi.

Chakula kinamfikia nani. Mwenye nafasi siku hiyo na njia ya kufika. Soko likiwekwa karibu na kituo cha mabasi na kupokea vocha za msaada wa chakula, sura za wateja hubadilika. Likiwekwa kwenye maegesho ya mtaa wa matajiri, litabaki la hao.

Inamfaa nani. Mkoa ambao wakulima na walaji hawajuani kabisa, na wakulima wadogo wenye vitu vingi tofauti, kidogo kidogo. Mwenye ekari nyingi za zao moja halimfai. Hawezi kumaliza tani kwa kupima kilo mbilimbili.

Shamba la wanachama

Inavyofanya kazi. Kaya kadhaa hulipia msimu mzima kabla haujaanza, kisha kila wiki hupokea fungu lao la mavuno, liwe nono au jembamba. Japani utaratibu huu huitwa teikei, na ulishika mizizi miaka ya 1970, pale akina mama wa mijini walipoanza kuhofia viuatilifu kwenye chakula cha watoto wao. Mwaka 1978 chama cha kilimo hai cha nchi hiyo kiliandika kanuni 10 za uhusiano huo, na mojawapo inamtaka mlaji apokee mazao yote anayoletewa na mkulima. Marekani mashamba mawili, moja Massachusetts na jingine New Hampshire, yalianza kwa mtindo kama huo mwaka 1986. Ufaransa, ambako vikundi hivyo huitwa AMAP, ilifuata mwaka 2001.

Mtaji na kazi. Mtaji wanatoa walaji, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: mkulima hakopi kununua mbegu. Lakini kazi ya kupanga ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Ili kapu lisiwe na mboga ileile wiki sita mfululizo, mkulima anapanda aina nyingi kwa zamu, kitalu kimoja kikiisha kingine kiwe tayari. Mkulima hodari wa zao moja anaweza kushindwa kabisa hapa. Malalamiko yanayosikika sana kwa wanachama wanaojitoa ni kwamba walichoka kupewa wasichochagua.

Hasara inamwangukia nani. Wote, na hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayolisema hilo waziwazi. Mashamba mengi ya namna hii Ujerumani yana kikao cha mwaka ambacho naona kingefaa kuigwa hata na wasio na shamba. Mkulima husimama mbele ya wanachama na kuwasomea bajeti ya mwaka mzima: mishahara, mbegu, mafuta, kodi ya ardhi, matengenezo ya trekta. Jumla hugawanywa kwa idadi ya mafungu na wastani ukatangazwa. Kisha kila mwanachama anaandika kwenye karatasi, bila kumwonyesha jirani, kiasi anachoweza kulipa kwa mwezi. Mwenye uwezo anaandika juu ya wastani, mwenye hali ngumu chini. Karatasi hukusanywa na kujumlishwa. Kama hazijafikia bajeti, upungufu unatajwa na karatasi zinagawiwa upya, mpaka hesabu itimie. Fungu la kila mmoja linabaki sawa na la mwenzake, na hakuna ajuaye nani kaandika nini.

Chakula kinamfikia nani. Kwa kawaida, kaya zenye kipato cha uhakika, maana si kila mtu anaweza kulipia leo chakula cha miezi sita ijayo. Kikao kama hicho cha Ujerumani au malipo ya mwezi kwa mwezi hupunguza ukuta huo. Hayauondoi.

Inamfaa nani. Wakulima wachache wenye ujuzi mpana, walio karibu na mji, na kikundi cha walaji ambacho tayari kinaaminiana: wafanyakazi wa ofisi moja, waumini wa jumuiya moja, wazazi wa shule moja. Kwa wageni watupu ni vigumu kuanzia hapa.

Ghala la pamoja

Inavyofanya kazi. Wakulima wengi huleta mazao sehemu moja. Yanapimwa, yanapangwa kwa madaraja, yanapozwa, kisha yanauzwa kwa jina moja kwa wanunuzi wakubwa kama shule, hospitali na hoteli. Mpishi wa hospitali hana muda wa kupigia simu wakulima 40, na mkulima mmoja hana uwezo wa kuilisha hospitali kila siku. Ghala linasimama katikati, mahali pa dalali, tofauti ikiwa kwamba wenyewe ni wakulima.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa wafugaji wa Anand, Gujarat, India. Mwaka 1946, wakiwa wamechoka kupangiwa bei na wafanyabiashara wa kati, waliunda muungano wao wa ushirika wa maziwa; Tribhuvandas Patel aliuongoza, na Verghese Kurien akaja baadaye kuwa meneja wake. Ndiko lilikotoka jina Amul, chapa ya maziwa yao. Muundo wake una ngazi tatu: chama cha kijiji hukusanya, muungano wa wilaya husindika, shirikisho la jimbo huuza. Ukubwa wake unasifiwa sana, lakini mimi kinachonivutia ni kituo cha kijijini. Mfugaji huleta maziwa asubuhi na jioni. Yanapimwa wingi, yanapimwa mafuta, na malipo yanafuata kipimo. Mwenye ng'ombe mmoja na mwenye kumi hupimiwa kwa chombo kilekile mbele ya macho yao. Imani ya wanachama inaanzia pale, kwenye kipimo, kabla ya hotuba yoyote ya mwenyekiti.

Mtaji na kazi. Njia hii ndiyo ghali kuliko zote. Inataka chumba cha ubaridi, gari, kreti, mizani, mtu wa oda, mtu wa hesabu. Ubaridi hauna mbadala kwa mazao mabichi: joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kupumua kwa zao, na kwa hiyo ya kuharibika, huongezeka mara 2 hadi 3. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilikadiria mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno, kabla hata hakijafika kwa muuzaji wa rejareja. Ghala zuri linaokoa sehemu ya hicho, na hapo ndipo faida yake inapotoka.

Gharama ambayo wengi huisahau ni mtaji wa kuendeshea. Taasisi hulipa baada ya siku 30, pengine 60 au zaidi. Mkulima anataka pesa wiki hiyohiyo, na dalali anayo mfukoni. Ghala linaweza kufia katika pengo hilo huku likiwa na oda tele. Kabla ya kununua gari, tafuteni mkopo au akiba ya kuziba pengo hilo.

Hasara inamwangukia nani. Inategemea mlivyoandika, kwa hiyo andikeni. Chukueni asubuhi ya kupokea mzigo. Mkulima anashusha kreti kumi za mboga za majani. Mpokeaji anafungua ya tatu, anazamisha mkono hadi chini: majani ya juu ni mabichi, ya chini yana joto na yameanza kulegea. Akatae kreti hiyo, au zote kumi? Akizipokea na mnunuzi akazirudisha jioni, nani analipa? Na kama ziliharibikia ghalani kwa sababu umeme ulikatika usiku? Ghala lenye majibu ya maswali hayo matatu ukutani, pamoja na stakabadhi yenye jina la mkulima, daraja na tarehe, linaokoa ugomvi mwingi. Lisilo nayo, mpokeaji atamwonea huruma mjomba wake na kumkatalia jirani, na habari zitasambaa kabla ya saa sita.

Kuna na hasara ya upande wa pili. Bei ya dalali ikipanda wiki moja, wanachama huuza pembeni, na ghala linabaki na oda lisiloweza kuijaza. Sheria kali peke yake haitibu hilo. Malipo ya haraka na gawio la mwisho wa mwaka kwa kadiri ya mzigo ulioletwa husaidia zaidi.

Chakula kinamfikia nani. Hapa ghala lina nguvu ambayo soko na shamba la wanachama hayana: likipata oda ya shule, linamlisha mtoto wa kaya yoyote bila kumuuliza mzazi wake kama ana muda wa kwenda sokoni Jumamosi.

Inamfaa nani. Mkoa wenye wakulima wengi wa kati, wanaozalisha zaidi ya wanavyoweza kuuza mezani, na wenye angalau taasisi moja kubwa iliyo tayari kuahidi kununua. Bila mnunuzi huyo, mtakuwa mmejenga jengo zuri la kuhifadhi hewa baridi.

Baraza la chakula

Inavyofanya kazi. Haliuzi hata kilo moja. Ni meza ambayo wakulima, wapishi wa shule, maofisa afya, wafanyabiashara na wawakilishi wa serikali ya mji huketi kuamua kanuni na mipango ya chakula. Knoxville, Tennessee, ilianzisha lake mwaka 1982, Toronto mwaka 1991. Belo Horizonte, Brazil, ilikwenda mbali zaidi mwaka 1993 kwa kuunda idara kamili ya chakula ndani ya serikali ya mji, ikawa na migahawa ya bei nafuu kwa umma na nafasi za wakulima wa karibu kuuza moja kwa moja mjini. Mwaka 2015 miji zaidi ya 100 ilitia saini mkataba wa Milan wa sera za chakula mijini, na mingine imeendelea kujiunga tangu hapo.

Mtaji na kazi. Mratibu mmoja anayelipwa, chumba cha kukutania, na subira nyingi kuliko pesa. Msitegemee mratibu wa kujitolea. Atafanya kazi kwa moyo mwaka mmoja kisha atapata ajira.

Hasara inamwangukia nani. Zao likioza, baraza halipotezi kitu, na huo ndio udhaifu wake. Linachoweza kupoteza ni muda na imani ya watu. Angalieni nani analipwa kukaa pale: ofisa yuko kazini, mfanyakazi wa shirika yuko kazini, mkulima ameacha shamba. Msipomlipa nauli na posho, na msipoweka vikao nje ya msimu wa mavuno, baada ya muda mtakuwa mnawajadili wakulima wasiokuwepo.

Chakula kinamfikia nani. Kwa uwezo, watu wengi kuliko njia nyingine yoyote, maana kanuni moja hugusa kila jiko la umma. Brazil inaonyesha: sheria ya mwaka 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue kwa wakulima wa kaya. Kwa vitendo, hata hivyo, mwaka wa kwanza wa baraza unaweza usimfikie mtu yeyote.

Inamfaa nani. Mahali ambapo kikwazo ni kanuni: masharti ya zabuni yanayomtaka muuzaji awe na uwezo wa kampuni kubwa, ardhi ya mjini isiyoruhusiwa kulimwa, vibali vinavyogharimu kuliko mzigo wenyewe. Na linahitaji angalau kiongozi mmoja ndani ya serikali anayetaka lifanikiwe.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa kasi, soko linashinda: linaweza kuanza ndani ya msimu. Kwa kumkinga mkulima, shamba la wanachama. Kwa wingi wa chakula kinachopita, ghala. Kwa kubadilisha kinachowezekana kwa wote, baraza, mkiwa na miaka ya kusubiri. Njia hizi pia hulishana: soko huwapa watu wa ghala orodha ya wakulima wa kuaminika, na baraza linaweza kufungua zabuni ambayo bila ghala hakuna wa kuijaza. Kikundi kinachoshinikiza kanuni ya ununuzi wa shule bila kuuliza nani atapeleka mzigo Jumatatu asubuhi kinajitafutia aibu.

Mwelekeo kulingana na hali yenu

Kama wakulima hamwajui hata kwa majina, anzeni na soko, hata dogo, na muweke daftari la nani analima nini, wapi, na kwa miezi ipi. Daftari hilo litakuwa na thamani kuliko ushuru wa meza.

Kama mna mkulima mmoja au wawili hodari wanaozama kwenye madeni, na kaya 30 au 50 zinazowaamini, shamba la wanachama litawaokoa mapema kuliko mpango wowote. Anzeni na msimu mmoja mfupi, na bajeti isomwe hadharani.

Kama mazao yanaoza mashambani wakati jiko la hospitali linanunua kutoka mbali, tatizo lenu ni la katikati, na jibu ni ghala. Lakini msijenge kwanza. Kodini chumba cha ubaridi cha mtu kwa siku mbili za wiki, mpeleke mzigo wa zao moja au mawili kwa mnunuzi mmoja, mhesabu kreti zinazokataliwa. Hesabu hizo ndizo mtakazopeleka kwa mkopeshaji.

Kama ghala au soko lipo tayari na linakwama kwenye vibali na masharti ya zabuni, undeni baraza, lakini liwe na jambo moja la kubadilisha mwaka wa kwanza, lililoandikwa kwa sentensi moja.

Na kama hamjui mmekwama wapi, fuateni kreti moja. Chagueni zao moja linalolimwa mkoani na kuliwa mkoani, mtembee nalo kutoka shambani hadi kwenye sahani, mkiandika kila anapoligusa mtu, kila linaposubiri juani na kila linapouzwa tena. Pale kreti inapokaa muda mrefu kuliko kwingine, au inapobadilisha mkono kwa bei ambayo hakuna anayeweza kuieleza, ndipo kikao chenu kijacho kianzie.